Vidonge vya Mahindi Visilale Chumba Kimoja na Watoto

(Haya ni mazungumzo ya mhudumu wetu wa maendeleo ya jamii kwa vikundi vya wakulima na akina mama. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, pamoja na maswali ya mwisho.)

 

Leo tunazungumza juu ya vile vidonge vya kuhifadhi mahindi. Najua wengi mnavijua. Vinauzwa ndani ya mikebe au chupa ndogo zilizofungwa sana, na kwa bahati mbaya wengine huviuza kimoja kimoja, vimefungwa kwa karatasi. Mtu ananunua, anatumbukiza katika gunia, anafunga, na gunia linaingia chini ya kitanda. Usiku watoto wanalala juu yake.

Sikuja kumlaumu mtu. Nikitembelea nyumba naona sababu. Zamani mahindi yalikaa ghalani, nje ya nyumba. Kisha wezi wakazidi, na mahindi yakahamia ndani. Hilo peke yake si kosa. Lakini dawa nayo iliyafuata mahindi ndani ya nyumba, na dawa hii haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba ya watu. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni ya kulieleza.

Vidonge hivi ni kitu gani?

Kitu kilichomo kinaitwa alumini fosfaidi. Tukigawanye jina hilo. Alumini ni metali ile ya sufuria. Fosforasi mmeiona pia: ule upande wa kisanduku cha kiberiti tunaosugulia njiti una fosforasi nyekundu. Iko hata ndani ya mifupa yetu. Mtu wa kwanza kuipata ikiwa peke yake alikuwa Hennig Brand wa mji wa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1669, na aliipata kwa kuchemsha mkojo! (Kicheko.) Ndiyo, mkojo mwingi sana.

Fosforasi ikiunganishwa na metali kwa moto mkali, tunapata fosfaidi. Ni kazi ya kiwanda, mahali pakavu kabisa, na si jambo la kujaribiwa na mtu nyumbani.

Hapa naomba tusichanganye majina. Mbolea yetu ya kupandia ina fosfeti. Fosfeti ni fosforasi iliyokwisha kuungana na oksijeni, imeshiba, imetulia. Ukiitia maji inalisha mmea. Fosfaidi haina oksijeni, imeungana na metali tu. Ukiitia maji inatoa sumu. Majina yanafanana kama mapacha, tabia ni mbali kama mbingu na ardhi. Mtu asikudanganye kwamba "hii ni kama mbolea tu".

Maji ndiyo yanayoiamsha

Kidonge kikiwa kikavu ndani ya mkebe, kimelala. Kikipata maji, hata ule unyevu mdogo wa hewani au wa mahindi, kinaamka. Alumini inashikana na maji na kubaki kama majivu. Fosforasi inatoka ikiwa gesi, na gesi hiyo inaitwa fosfini. Gesi ndiyo inayoua wadudu. Kidonge chenyewe ni chombo cha kuibebea tu.

Kidonge cha kawaida kina uzito wa gramu 3, nacho hutoa gramu 1 ya gesi. Mtasema gramu moja ni nini? Tufanye hesabu. Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa mita 4, urefu mita 2 na nusu. Hicho ni mita 30 za ujazo. Gesi ya kidonge kimoja ikitoka yote na kubaki humo, inafika karibu sehemu 24 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kiasi ambacho wataalamu wa usalama kazini wanakubali mtu avute ni sehemu 0.3. Kwa hiyo kidonge kimoja kinaweza kufikisha chumba hicho mara 80 ya kiasi hicho. Ni kweli gesi hutoka polepole na nyingine huponyoka kwenye nyufa. Lakini ni nani aliyewahi kuniambia ametia kidonge kimoja tu nyumba nzima?

Tena gesi hii ni nzito kidogo kuliko hewa, na hupenya. Gunia la kawaida, liwe la katani au la plastiki iliyofumwa, haliizuii. Katika nyumba zetu nyingi ukuta wa ndani haufiki kwenye paa, kwa hiyo kusema "nimeweka chumba cha pili" si kinga.

Na pua je? Gesi hii hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Lakini watu wengi hawaisikii harufu mpaka iwe imepita kile kiasi cha usalama. Ukisikia harufu, toka nje. Usipoisikia, usiseme pako salama.

Inamfanyia nini mwili?

Mwili wetu una jiko katika kila sehemu yake ndogo, na jiko hilo hutumia oksijeni kuunguza chakula ili tupate nguvu. Fosfini inazuia hilo jiko lisiwake. Kuni zipo, hewa ipo, moto haushiki. Moyo na mapafu, ambavyo havipumziki, ndivyo huumia mapema. Ndiyo maana gesi ile ile inayomuua fukusi inamuua panya, kuku, mbwa na mtu. Haichagui. Watoto ni wepesi kudhurika kwa sababu miili yao ni midogo na wanavuta pumzi haraka.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuhara, kikohozi, kifua kubana, kuchoka sana. Si mnaona? Ni kama malaria, au chakula kibaya. Mama anampeleka mtoto zahanati, anapewa dawa ya malaria, wanarudi kulala chumba kile kile. Kwa hiyo, kama nyumba nzima imeamka wagonjwa, na kuna mahindi yaliyotiwa vidonge, mwambie muuguzi bila kuona haya: "Tumelala na mahindi yenye vidonge." Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha. Dawa maalum ya kuiondoa sumu hii mwilini haiko popote duniani. Daktari anachoweza ni kuusaidia moyo na pumzi mpaka mwili ujikomboe, na kwa hiyo saa zina maana.

Msidhani ni shida ya watu wa kijijini peke yao. Mwezi wa Januari 2017, mjini Amarillo, jimbo la Texas kule Marekani, dawa ya aina hii ilikuwa imewekwa chini ya nyumba kwa ajili ya wadudu na panya. Harufu ikasumbua, na mmoja wa jamaa akachukua maji kuisafisha. Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini maji ndiyo yanayoiamsha. Gesi ikapanda ndani ya nyumba, na watoto 4 wa nyumba ile wakafa. Waokoaji waliofika walidhani kwanza ni gesi ya moshi wa jiko. Hiyo ilikuwa nchi yenye magari ya wagonjwa na hospitali kubwa karibu.

Jamaa nyingine za fosfaidi

Mwalimu mmoja aliniuliza kama fosfaidi zote ni mbaya. La, na afadhali tujue, tusije tukaogopa jina badala ya tabia.

Yupo ndugu wa karibu, zinki fosfaidi. Zinki ndiyo metali inayopakwa juu ya mabati yasishike kutu. Fosfaidi yake ni unga wa kijivu kama mweusi, nao hutumiwa kama sumu ya panya. Huamka zaidi ikikutana na asidi ya tumboni. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo akila hana njia ya kuitoa. Ipo pia ya kalsiamu, ambayo mabaharia waliitumia katika taa za dharura: ikitupwa baharini inatoa gesi inayowaka na kuonyesha mahali.

Halafu wapo ndugu ambao maji hayawashtui. Nikeli fosfaidi ni kigumu, inatulia ndani ya maji, na wanasayansi wanaipenda kama kichocheo. Kichocheo ni nini? Ni kama mshenga. Anawakutanisha watu wawili, ndoa inafungwa, na yeye anarudi kwake akiwa yule yule, tayari kwa ndoa nyingine. Nikeli fosfaidi huwakutanisha haidrojeni na salfa iliyomo katika mafuta ya dizeli, ili salfa iondoke na moshi usiwe mchafu sana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipande vyake vidogo mno husaidia umeme kutoa haidrojeni kutoka katika maji, kazi ambayo wengi walikuwa wakiifanya kwa platini, metali ya bei ghali.

Na fosfaidi ya indiamu hutumika kutengeneza vile vifaa vinavyotoa mwanga wa kubeba habari ndani ya kebo za mawasiliano, kama zile za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009. Kwa hiyo jamaa hii ina watoto wengi, na wengine ni watumishi wazuri. Swali la kuuliza kila mmoja ni hili: ukikutana na maji, au asidi, utafanya nini? Aliye katika gunia lako anajibu kwa sumu.

Kwa nini tunavitumia, na kwa nini mara nyingi havitusaidii

Sababu kubwa ni dumuzi, yule mdudu mdogo ambaye wengine wanamwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati na Mexico. Kwenye miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini alionekana upande wa Tabora, Tanzania, na mwaka 1983 akaonekana Taita Taveta. Yeye na fukusi wanaweza kuyageuza mahindi kuwa unga kabla mvua nyingine haijafika. Mwenye watoto hawezi kutazama hivyo.

Lakini gesi inafanya kazi pale tu inapofungiwa. Katika maghala makubwa wataalamu hufunika magunia kwa turubai lisilopitisha hewa, wanaziba pembe zote, wanaacha siku kadhaa, kisha wanafungua na kupima hewa kabla mtu hajaingia. Sisi tunaweka katika gunia linalovuja. Gesi inawatoka wadudu inawaendea watoto. Wadudu wanaobaki ndio wale wagumu, nao huzaa wenzao wagumu. Na gesi ikiisha imekwisha: haiachi kinga yoyote, na mdudu mpya anaingia wiki inayofuata. Basi tumelipa pesa, tumehatarisha nyumba, na mahindi bado yanaliwa.

Tufanye nini badala yake?

1. Tukaushe. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Usianike juu ya udongo, tumia turubai au mkeka. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, nawe ongeza jua kidogo zaidi. Kukausha kunazuia pia ukungu wa aflatoksini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao upande wa Makueni na Kitui, kwa mahindi yenye sumu ya ukungu. Kidonge hakiondoi sumu hiyo hata kidogo.

2. Tupepete. Ondoa zilizovunjika, vumbi, na zilizokwisha kutobolewa. Safisha mahali, na usimwage mapya juu ya masalio ya mwaka jana.

3. Tutumie mifuko isiyopitisha hewa. Ni gunia la nje lenye mifuko ya plastiki nzito ndani. Aina yenye mifuko miwili ya ndani ilianzia kwa watafiti wa Cameroon na wa chuo cha Purdue, Marekani, waliotafuta njia ya kuhifadhi kunde. Mahindi makavu yakijazwa, kila mfuko unakamuliwa hewa na kufungwa kipekee. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna sumu. Bei yake ni kubwa kuliko gunia la kawaida, lakini ukiitunza isitoboke unaitumia tena msimu mwingine. Ikague mashimo kwanza: jaza hewa, kaza mdomo, sikiliza kama inavuja. Usiifungue fungue kila siku. Mahindi ya kula wiki hizi weka pembeni.

4. Mwenye uwezo, au kikundi, atengeneze tangi la bati la nafaka lenye kifuniko kinachobana.

5. Kama ni lazima kutumia vidonge, kwa mfano katika ghala la kikundi, aitwe mtu aliyefunzwa na mwenye vifaa. Ghala liwe mbali na nyumba ya watu na ya wanyama, lifungwe na kubandikwa onyo.

Ajali ikitokea

Mtoe mtu kwenye hewa safi, na wewe usikae ndani kutafuta vitu. Mvue nguo zenye vumbi la dawa. Mkimbize hospitali na upeleke jina la dawa au mkebe wake. Kama amemeza, usimtapishe. Anayemhudumia akae upande upepo unakotoka, kwa maana hata matapishi na pumzi ya mgonjwa hutoa gesi. Vidonge vikishika moto, usimwagie maji, tumia mchanga mkavu. Vilivyobaki na majivu yake usitupe chooni, maana chooni kuna maji. Uliza ofisi ya kilimo namna ya kuviondoa.

Neno moja zaidi, nalisema kwa upole. Katika nyumba yenye huzuni, ugomvi au madeni, sumu ya namna hii isiwepo kabisa. Mtu anaweza kupita saa mbaya na kesho yake akashukuru kwamba yuko hai, ikiwa tu hakukuwa na kitu karibu naye. Mkimwona mwenzenu amejitenga au anasema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mkalieni, na mtafuteni muuguzi au mhudumu.

MASWALI

Mzee mmoja: Sisi tumetumia vidonge hivi miaka mingi na hakuna aliyekufa. Kwa nini tuogope leo?

Jibu: Mzee, nashukuru kwamba mko salama. Nyumba ya zamani ilivuja kila upande, na hizo nyufa ndizo zilizowalinda. Leo tunajenga kwa saruji, tunaweka dari, madirisha ya vioo, tunafunga usiku kwa sababu ya mbu na wezi. Nyumba imekuwa nzuri, na gesi imekosa mlango. Tena ulizeni kama watoto hawakuwa wakiamka na vichwa vinauma baada ya mavuno.

Mama mmoja: Mahindi yaliyotiwa vidonge yakiliwa, yanadhuru?

Jibu: Gesi hutoka katika nafaka ikipata hewa ya kutosha, kwa hiyo mahindi yaliyopigwa hewa vizuri hayawi sumu ya mezani. Hatari ni kwa aliyevuta gesi, na kwa anayeshika majivu ya vidonge au kusaga mahindi yenye vipande ndani.

Kijana mmoja: Na sumu ya panya?

Jibu: Usinunue unga usio na jina wala maandiko. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono, mchimbie shimo. Paka na mbwa wakimla wanaweza kudhurika. Kuziba mashimo na kutumia mtego ni salama zaidi nyumbani.

Mama mwingine: Sasa wezi je? Nikirudisha mahindi ghalani yataibwa.

Jibu: Mama, hilo ndilo swali lenyewe. Mimi sisemi mahindi yatoke ndani. Nasema sumu itoke. Mahindi makavu ndani ya mfuko usiopitisha hewa yanaweza kukaa chini ya kitanda chako mwaka mzima bila kumdhuru mtoto. Na kama kikundi kinaweza kupata chumba kimoja chenye kufuli na mlinzi wa zamu, ni vizuri zaidi. Pesa za vidonge vya nyumba 20 zikikusanywa, mnaanza kununua mifuko kwa mzunguko, nyumba baada ya nyumba.

Basi naomba kila mmoja akifika nyumbani leo atazame chini ya kitanda kabla ya watoto kulala. Kama gunia lina vidonge, watoto wasilale humo: walale kwa jirani au kwa shangazi. Fungua milango na madirisha na ukae nje. Usilifungue gunia kwa mkono, na usilimwagie maji. Kesho asubuhi mwone afisa wa kilimo.